Mkuyuni: Kijana aanzie kwenye njia anayoijua

Anayekwenda Mkuyuni akitokea Morogoro mjini huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale Bigwa, akafuata ile inayoizunguka Milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki. Hupita Kiroka, penye majaruba ya mpunga chini ya mlima, kisha barabara huanza kupanda na kushuka kati ya migomba, michungwa na mifenesi. Anayeendelea mbele hukutana na msitu wa Kimboza, halafu Matombo, Mvuha, hadi Kisaki.

Huu ndio upande wa mlima unaotazama bahari, na ndio unaopata mvua nyingi zaidi. Vijito hushuka kila bonde na hatimaye huingia Mto Ruvu, ambao maji yake husafishwa na kunywewa hadi Dar es Salaam. Mvua hiyo hiyo inayostawisha ndizi ndiyo inayoharibu njia. Wakati wa masika, njia iliyopitika asubuhi inaweza kuwa tope tupu jioni, na kijito cha kuvukwa kwa hatua moja kikawa mto wa kusubiri upungue.

Nyumba nyingi haziko kando ya barabara. Ziko juu, kwenye ardhi za koo, ambazo kwa mila ya Waluguru hufuata upande wa mama. Kuzifikia ni kwa njia za miguu zisizo na kibao wala namba. Mgeni akiuliza ataambiwa apande hadi kwenye mwembe, avuke kijito, apite makaburi, kisha aulize tena. Kwa jirani maelezo hayo yanatosha kabisa. Kwa dereva aliyeitwa usiku hayatoshi.

Hapo ndipo suala la afya linapoingia. Nchi yetu sasa ina mfumo wa m-mama. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, mtu hupiga namba 115 bila malipo na kutafutiwa usafiri wa kumfikisha kwenye huduma, liwe gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii. Anayepokea simu hiyo yuko mbali. Lazima ajue mgonjwa yuko wapi. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana muda wa kumsubiri dereva aulize njia nyumba tatu.

Swali hilo la "yuko wapi" linaweza pia kuwa mlango wa kijana wa Mkuyuni kuingia katika kazi ambayo wazazi wengi wameisikia kwa mbali tu: kuchangia programu huria.

Programu huria ni nini

Kila programu ya kompyuta au simu imeandikwa na watu, kwa maandishi yanayoitwa msimbo. Kampuni nyingi huficha msimbo wao. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine, kwa masharti ya leseni yake. Watu walioko nchi mbalimbali huongeza, husahihisha na kukosoana hadi kitu kinakuwa kizuri.

Mzazi anayesoma ukurasa huu kwenye simu ya Android ameshika matunda ya kazi hiyo. Kiini cha Android ni Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland, akaiweka wazi na wengine wakajitokeza kumsaidia.

Huduma za afya nazo zinategemea programu za namna hii. Takwimu za MTUHA ambazo muuguzi hujaza kwenye vitabu vya zahanati huishia kwenye mfumo wa DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka iliyofuata baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa mwaka 1994, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa wanaoiendeleza kwa miaka mingi.

Mfano uko chini ya mlima

Hakuna haja ya kwenda Oslo kuona kazi hii inavyofanyika. Upande wa pili wa milima hii hii, mjini Morogoro, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Hapo ndipo yalipo makao ya SACIDS, taasisi inayochunguza magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama. Wataalamu wake walitengeneza AfyaData, programu ya simu inayomwezesha mtu aliyepewa mafunzo kijijini kutuma taarifa za dalili anazoziona kwa watu au mifugo, na kurudishiwa ushauri.

Hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua msimbo wa Open Data Kit, programu huria ya kukusanya taarifa kwa simu iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, wakajenga juu yake kile kilichohitajika hapa. Open Data Kit ina faida kubwa kwa sehemu za milimani: fomu hujazwa hata pasipo mtandao, kisha hutumwa simu ikipata mawimbi.

Mzazi aliyezoea kudhani kwamba teknolojia ni ya wenye vipaji vya ajabu anaweza kujifunza jambo hapo. Wataalamu wa Morogoro walichukua kilichopo, wakaongeza kile wanachokijua wao kuliko wengine: magonjwa ya hapa, mifugo ya hapa na watu wa hapa. Anayeanza leo anaweza kufuata kanuni hiyo hiyo kwa kiwango chake. Ajiulize, ni kitu gani anakijua kuliko mtu wa Oslo au Washington?

Kwa kijana wa Mkuyuni jibu liko mlangoni. Anazijua njia.

Ramani kama hatua ya kwanza

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea. Ilianza Uingereza mwaka 2004. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu walioko nchi za mbali walifungua picha za setilaiti na kuchora mitaa ya Port-au-Prince ili waokoaji wapate njia.

Tanzania nayo imo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa na mifereji ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map, unaochora vijiji vya nchi hii. Mkoani Mara, ramani zake zimetumiwa na watu wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Mjini Morogoro, wanafunzi wa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, pale Mazimbu, wamekuwa na kikundi chao cha wachoraji ramani katika mtandao wa YouthMappers.

Kazi ya mwanzo ya ramani hizi hufanywa na watu walioko mbali, kwa kuangalia picha zilizopigwa kutoka angani. Picha huonyesha paa la bati na barabara ya vumbi. Haionyeshi njia iliyofunikwa na migomba. Haijui jina la kijito. Haijui kama jengo lenye paa refu ni shule, ghala au zahanati, wala haijui kwamba daraja la miti lilichukuliwa na maji mwaka jana. Hapo mchoraji wa Ulaya mwenye kompyuta ya bei ghali hukwama, na mtoto wa Mkuyuni mwenye simu ya kawaida akamzidi.

Faida kwa afya si ngeni. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka kwenye ramani vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, ikaonekana vimeizunguka pampu moja ya maji. Hadi leo, wanaopambana na kipindupindu huanza kwa kuuliza watu wanaishi wapi na wanateka maji wapi.

Anaanzaje

Hatua za mwanzo hazihitaji kujua kuandika msimbo. Kijana anahitaji barua pepe, neno la siri lisilotumika kwingine, na subira.

Kwanza, afungue akaunti kwenye OpenStreetMap na atumie siku kadhaa kuangalia tu. Aitafute Mkuyuni, aone kilichochorwa na kilichokosekana. Anayeanza kwa kubadilisha mambo kabla ya kuangalia huwaharibia waliotangulia.

Pili, achague kitu kimoja kidogo ambacho ana uhakika nacho. Labda ni jina la shule yake ya msingi, au mahali hasa palipo zahanati, au daraja ambalo pikipiki inapita na gari halipiti. Kitu kimoja cha kweli kina thamani kuliko ishirini vya kubahatisha.

Tatu, ajaribu StreetComplete, programu huria ya simu za Android inayomuuliza mtu maswali mafupi kuhusu mahali alipo: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Jengo hili lina ghorofa ngapi? Majibu yake huingia kwenye ramani. Ipo pia OsmAnd, inayoweza kurekodi njia mtu anapotembea hata pasipo bando, kisha akaitumia kuchora akifika penye mtandao.

Nne, kila anapobadilisha kitu aandike kwa kifupi alichofanya na amejuaje. Wachoraji wengine wataona. Wapo watakaomuuliza au kumsahihisha, na kosa linaweza kurudishwa nyuma kwa sababu historia ya kila badiliko hubaki. Kwa kijana aliyezoea mtihani unaosahihishwa mara moja na kuisha, kukosolewa na mtu asiyemjua kunaweza kumkatisha tamaa. Mzazi amweleze kwamba ndivyo kazi hii ilivyo, na kwamba hata mabingwa hurudishiwa kazi zao.

Tano, awaulize wazee. Majina ya vijito, vilima na mabonde ya Uluguru yamo vichwani mwa bibi na babu, na mengine ni ya Kiluguru. Bibi asiyejua kufungua simu anaweza kuwa mchangiaji muhimu kuliko wote nyumbani, mradi mjukuu akae naye, asikilize na aandike herufi sawasawa.

Yapo pia ya kukatazwa. Kijana asinakili kutoka Google Maps, kwa kuwa ramani hiyo ina haki miliki. Asiandike majina ya watu kwenye nyumba zao, na kamwe asionyeshe nyumba ya mgonjwa au ya aliyekimbia ukatili. Anapotaka kuchora kitongoji kizima, ni busara mwenyekiti wa kitongoji ajue, kijana asije akadhaniwa anapima mashamba ya watu. Ardhi ni jambo zito huku, na mtu anayetembea na simu akirekodi mipaka anaweza kuzua ugomvi wa koo bila kukusudia. Achore njia na huduma za wote, aache mipaka.

Ramani peke yake haileti gari la wagonjwa. Familia yenye mjamzito inapaswa kujiandaa hata kama kijiji chote kimechorwa: ijue mapema gari linaweza kufika mpaka wapi, alama gani inajulikana na watu, nani atakwenda kumpokea dereva, na simu gani itakuwa na chaji. Kijana aliyechora njia hizo anaweza kuwa ndiye anayejua majibu yote manne.

Baada ya ramani

Mlango wa pili ni lugha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tangu wakati huo programu huria nyingi zimekuwa zikihitaji watafsiri wa Kiswahili, na anayejua kuandika sentensi safi anakaribishwa. Kijana anaweza kuanza kwa kusahihisha neno moja lililotafsiriwa vibaya. Upo pia mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hukusanya sauti za watu wakisoma sentensi ili kompyuta zijifunze kuelewa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Sauti hizo huwekwa wazi kwa umma, hivyo mtu afikirie kabla ya kuchangia, na kwa mtoto uamuzi uwe wa mzazi.

Mlango wa tatu ni kuripoti kasoro. Programu inapogoma, wengi huifuta. Mchangiaji huandika: nilikuwa natumia simu gani, nilibonyeza nini, nilitarajia nini, kikatokea nini. Ripoti ya namna hiyo humwokolea mtengenezaji saa nyingi. Nayo inafanana na maelezo ambayo mgonjwa mzuri humpa daktari: maumivu yalianza lini, yako wapi, yanazidi akifanya nini.

Mlango wa nne ndio msimbo wenyewe. Miradi mingi huhifadhiwa kwenye GitHub, ambako anayejiandikisha lazima awe ametimiza miaka 13. Kila mradi mzuri una maelezo ya mwanzo na mwongozo wa wachangiaji, na mingi huweka alama kwenye kazi zinazomfaa anayeanza. Kijana asome mwongozo, achague kazi moja, aulize kama kuna mwingine anayeifanya, airekebishe kwenye nakala yake, kisha aombe badiliko lake liingizwe. Mara ya kwanza huenda likakataliwa, na akaambiwa sababu.

Nani anamlipa?

Hilo ndilo swali la mzazi, na ni swali la haki. Kijana aliyerudi likizo akikaa na simu saa tatu huku migomba inasubiri palizi, baba au mama ana sababu ya kuuliza.

Jibu la kweli ni kwamba mwanzoni hakuna anayemlipa. Anachopata ni ujuzi na ushahidi. Kazi yake yote hubaki wazi kwa jina la akaunti yake na tarehe, na siku akiomba kazi au nafasi ya masomo ana kitu cha kuonyesha zaidi ya cheti. Baadaye zipo nafasi chache zenye posho. Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, huwalipa wanaoanza wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wakifanya kazi katika miradi huria. Outreachy nayo huwalipa watu kutoka makundi yasiyo na uwakilishi mkubwa katika teknolojia. Zote hufanyika kwa mtandao, mtu akiwa kwao. Ushindani ni mkubwa, na mzazi asiuze mbuzi kwa kutegemea kwamba mwanawe lazima atachaguliwa.

Mzazi aweke akilini jambo moja la usalama. Hakuna mradi wa kweli wa programu huria unaodai ada ya kujiunga. Mtu akimwambia kijana atume pesa kwa simu ili "asajiliwe", au atume picha ya kitambulisho kwa mtu asiyemjua, huyo ni tapeli. Kwa mtoto mdogo, jina la akaunti lisitaje shule wala kijiji anachoishi, na mawasiliano yabaki kwenye kurasa za wazi za mradi, yasihamie kwenye ujumbe wa siri wa usiku.

Kuhusu bando, ramani na maandishi havili sana. Kinachokula ni video. Wazazi wanaweza kukubaliana na kijana kiasi cha wiki na saa za kazi, kama wanavyokubaliana zamu ya kuchota maji. Saa mbili za Jumamosi zenye lengo zinatosha kuanza. Shule na shamba vibaki na nafasi yake.

Mzazi asiyejua chochote kuhusu msimbo anaweza kumsaidia kijana kwa kumpa kazi yenye maana. Amwambie: tafuta zahanati yetu kwenye ramani, kisha njia inayotoka hapa nyumbani hadi pale gari linapofika. Kama haipo, iweke. Jioni watembee pamoja njia hiyo, simu ikirekodi, mzazi akitaja majina ya mahali na kijana akiandika. Hilo litakuwa badiliko la kwanza la kijana, na mtu wa kwanza kulihakiki atakuwa mama au baba yake.